Vidonge Alivyopeleka Kilambo

Jumanne

Kumbe havimezi. Miezi minne nimemwamsha mume wangu Salumu alfajiri, nimempa maji na kidonge, nikaweka alama kwenye kadi ya utafiti.

Leo hospitalini kipimo kimeonyesha moyo wake umezidi kudhoofu tangu alipopata ule mshtuko wa moyo. Nesi akamuuliza taratibu, "Mzee, dawa unakunywa kweli?"

Salumu akatazama chini. "Nampelekea kaka yangu kule Kilambo. Naye kifua kinambana, na hakuandikishwa kwenye utafiti."

Nesi akashusha pumzi. Akasema dawa yenyewe bado inajaribiwa, na wagonjwa wengine wanapewa vidonge visivyo na kitu ndani ili walinganishwe. Hata yeye hajui Salumu alipewa vya aina gani.

Kwa hiyo huenda kaka mtu anakunywa unga tu, na huyu wangu anakufa kwa ajili ya unga huo. Au huenda ni dawa kweli, na…

Sijui. Naogopa, na hasira haijanitoka.

Kumwonea kaka yake huruma, hilo nalielewa. Lakini kila alfajiri, kidonge kikiwa chini ya ulimi, alikuwa ananiambia, "Ahsante, mke wangu."