Ukuta Kabla ya Vitanda

Jumanne, 5 Machi

Mgongo umekufa. Makontena mawili ya vigae, watu wanne tu. Kitanda cha chini yangu bado kitupu. Rafiki yangu Kobe yuko hospitali siku ya kumi na moja, na mguu wa kushoto wameukata. Alikuwa ameinama kufunga boksi, forklift, lile gari la kuinulia mizigo, ikampanda. Dereva? Msimamizi mwenyewe, hana leseni, alikuwa anatuonyesha mbwembwe! Kwenye ripoti ameandika kwamba Kobe alikuwa amelala njiani.

Lakini kamera ya ghala iliona. Jumatatu mkaguzi wa ajira anakuja kutazama rekodi. Isipokuwepo, Kobe anarudishwa kwao mikono mitupu, mguu mmoja.

Jumatano, 6 Machi

"Profesa!" Ndivyo msimamizi anavyoniita, mimi wa darasa la sita. Nafagia chumba cha kompyuta, na katika sisi wapakuzi ni mimi tu ninayezijua herufi. Dada fundi wa kompyuta yuko mji mwingine. Ananisomea amri kwa simu, herufi moja moja, nami nachapa kwa kidole. Ananiita mikono yake.

Diski imejaa upande wa ofisi. Msimamizi anataka upande wa kamera upunguzwe, ofisi iongezewe. Dada fundi akanieleza vizuri: diski ni chumba kimoja kikubwa chenye ukuta wa kusogezwa. Kwanza wasogeze waliolala na vitanda vyao, ndipo usogeze ukuta. Ukianza na ukuta, umewakata watu usingizini. Linux, mfumo unaoendesha mashine hii, haina huruma, kaka, akasema, ukiiambia kata, inakata.

Naandika hapa nisisahau. Kwanza ukaguzi wa diski, ni mrefu, usiukatize. Kisha resize2fs — hiyo vitanda. Kisha lvreduce — hiyo ukuta. Kwa mpangilio huo! Yeye kesho anasafiri, simu itakuwa imezimwa mpaka Jumatatu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeanza na ukuta.

Ukaguzi ulikuwa unakwenda, dakika ishirini, asilimia tisa. Msimamizi nyuma ya shingo yangu, ananuka kahawa. Akasema: umenifungulia ukumbi wa sinema? Ruka hiyo. Nikasema dada fundi amekataza. Akacheka. "Dada fundi ndiye anayesaini kibali chako cha kazi?"

Mama watoto na watoto watatu wanakula kwa kibali hicho. Nikaruka. Nikaruka na vitanda, maana havisogei bila ukaguzi. Nikachapa lvreduce. Mashine ikaonya kwa herufi kubwa, ikauliza y ya ndiyo au n ya hapana. Sijui Kiingereza cha maana, lakini onyo nalijua, hata mbwa analijua. Nikabonyeza y.

Nafasi ikapewa ofisi. Akanipiga bega — mwanaume wewe! — akanipa soda. Nikanywa yote. Ilikuwa baridi. Tamu!

Ijumaa, 8 Machi

Upande wa kamera haufunguki. Nimejaribu mara sita. Msimamizi anapiga mluzi tangu asubuhi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kumwona Kobe. Shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Ameanza utani: eti sasa atatafuta mtu wa kugawana naye pea moja ya viatu. "Wewe huwezi, kaka, una miguu ya bata."

Akauliza sinema yake ipo. Nikasema ipo.

"Pale ninapolia kama mbuzi, wapitishie mbio. Nitaona haya."

Nikacheka. Nilicheka kweli! Akanishika mkono, akasema bila mimi angekuwa amekwisha, maana anajua chumba kile ni cha kwangu. Akanipa chungwa alilowekewa na muuguzi. Nimelila njiani.

Jumatatu, 11 Machi

Saa tano asubuhi. Niko chumba cha kompyuta, naandika nimesimama.

Dada fundi amewasha simu saa tatu. Nikamweleza yote. Akanitukana tusi la mama yangu, kisha akaomba radhi. Halafu akasema — inawezekana! Linux huweka kumbukumbu ukuta wa zamani ulikuwa wapi. Ukuta utarudi, na waliokatwa bado wamelala palepale, mradi ofisi haijaandika juu yao. Zima mashine, mikono yangu. Sasa hivi! Kila dakika inamfuta.

Nikakimbilia kwa msimamizi. Alikuwa amewasimamia makarani: hamisheni picha zote za bidhaa, za miaka yote, zitieni kwenye nafasi mpya, ijae. Kumbe anaelewa kuliko mimi! Nikamwambia rekodi ya Kobe bado inaweza kupona. Hakugeuka hata. "Gusa swichi, Profesa, kesho utakuwa kwenye ndege unamsukuma rafiki yako kwenye kiti cha magurudumu. Nenda kafagie, mgeni anakuja saa nane."

Simu inatetemeka mfukoni. Ni dada fundi tena. Sipokei. Taa ya diski inawaka na kuzimika, haipumziki. Swichi iko usawa wa goti langu, ni ya kubonyeza tu, hata mtoto angeweza.

Nimefagia chumba mara tatu. Nimefuta vumbi juu ya mashine na pembeni. Sasa nafuta kuzunguka swichi, kwa ncha ya kitambaa, taratibu, nisije nikaigusa.