Bakteria Wangu na Maziwa ya Perpétue

Jumatatu, 3 Oktoba 2011

Wiki ya tatu ya mionzi. Wanaichoma saratani kwenye mlango wa kizazi, kinacholia ni utumbo. Kuhara tu! Kutoka kwetu Akalla mpaka hospitali najua kila stesheni ya tunelbana, treni yao ya chini ya ardhi, yenye choo. Ni chache mno. Nchi tajiri hii!

Leo nimeonana na mtaalamu wa lishe, Ella, msichana mwembamba kama uma. Kanieleza kwamba tumboni kuna bakteria wazuri, na mionzi imewavuruga. Vipo vidonge vya kuwaongeza. Tena wana chakula chao: nyuzinyuzi za vitunguu, ndizi, unga fulani. Eti nao wanataka kulishwa! Mimi mwenyewe uji unanishinda, sasa nifungue bweni la bakteria.

Nikauliza, vinasaidia kweli? Labda. Utafiti mmoja unasema ndiyo, mwingine hauoni kitu. Vidonge vya aina gani? Labda hivi. Miaka yote ile chuoni, labda! Jambo moja tu hakulitilia labda: dripu ya dawa ya saratani ninayowekewa pamoja na mionzi imepunguza kinga yangu, kwa hiyo nisiguse maziwa mabichi yaliyogandishwa nyumbani. Hata vidonge nisubiri daktari.

Nilicheka. Nani wa kunipa maziwa mabichi Stockholm?

Jumapili, 9 Oktoba

Perpétue, nani mwingine! Kiongozi wetu wa akina mama kanisani. Nilimwambia nina vidonda vya tumbo. Ndiyo, nimedanganya. Ningetaja mlango wa kizazi, wangeanza kunitafutia wanaume niliolala nao kabla hata ya amina. Vidonda ni ugonjwa wa heshima. Ila nilisahau kwamba kwetu dawa ya vidonda ni maziwa. Mjinga mimi.

Anayatoa kwa mfugaji nje ya mji, mabichi. Anayagandisha kwenye chumba cha kukaushia nguo chini ya jengo lao huko Hagsätra, katikati ya soksi za Waswidi. Leo kaniletea, akaonja mbele yangu, kama ilivyo desturi yetu, nione hakuna sumu. Ukishaonjewa hivyo ukakataa, umemwita mwenzako mchawi. Nikanywa kikombe kizima. Matamu — Mungu anisamehe! Ladha ya nyumbani Gitega kabisa. Nusura nilie.

Jumanne, 11 Oktoba

Choo. Choo. Choo.

Ijumaa, 14 Oktoba

Daktari leo hakutabasamu. Kuhara kukizidi, au homa ikipanda, itabidi wasimamishe mionzi. Na kusimamisha katikati ni kuupa ugonjwa nafasi. Nimeogopa. Hapa sina mzaha.

Akaniuliza nimekula nini. Nikasema wali. Hata daktari namdanganya sasa! Kwenye treni mwanangu Elise, aliyenisindikiza kwa daktari, akaniuliza, kwa Kiswidi chake, kwa nini nadanganya kila mtu. Binti wa miaka kumi na tano! Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, na bado ananishinda. Nikamwambia ni mambo ya watu wazima. Akageukia dirishani.

Jumamosi, 15 Oktoba

Wako sebuleni! Perpétue na nusu ya kwaya, bila hata kupiga simu. Safari hii wamekuja na ndoo ya maziwa. Ndoo! Nimekimbilia chooni na daftari. Mwili una moto, au ni hofu, sijui. Wanaimba wimbo wa uponyaji. Sauti ya kwanza imepotea njia kama kawaida yake.

Perpétue anaita: Mama Elise, nimeshaonja, njoo unywe!

Nikinywa, nahatarisha mionzi. Nisiponywa, nimemtukana mbele ya kwaya nzima. Nikisema ukweli — hapana. Afadhali nilale humu humu.

Elise anasema kitu. Kwa Kiswahili! Kimevunjikavunjika, lakini Kiswahili:

"Mama hapana kunywa. Si vidonda. Mama iko na kansa. Maziwa itamuharibu."

Wimbo umekatika. Sijawahi kusikia kwaya ile ikimaliza pamoja hivi.

Nyayo. Mtu anagonga mlango wa choo, taratibu. Ni Perpétue, lakini si kwa sauti ile ya matangazo ya kanisani.

"Mama Elise, fungua. Dada yangu naye alituambia ni vidonda. Mpaka tunamzika."

Nimeshika kitasa. Nitaanza kusema nini —