Mama Uliyezikwa Bila Wimbo

Mama yangu mpendwa,

Miaka ile ya sabini, mgambo walipotuhamisha kutoka mlimani Heru Juu kwenda kijiji kipya kando ya barabara, ulibeba mbegu za maharage kichwani na mdogo wangu Debora mgongoni. Mvua ikatukuta kwenye kibanda cha nyasi. Debora akashikwa na kifua. Ulimwomba Mungu kwa Kiha, ukimwita Imana, ukisema Kiswahili cha kanisani kinachelewa kufika. Tulimzika mvua ikiwa bado inanyesha.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, mzee wa kanisa alikuita. Desturi unaikumbuka: mtu husimama, huitikia salamu, kisha hutaja jema alilotendewa na Mungu.

“Mama Yakobo, Bwana asifiwe!”

“Nimefika. Debora hakufika. Nimemaliza.”

“Itikia kwanza, mama.”

“Itikieni nyie ambao mapaa yenu hayavuji.”

“Umerudi nyuma wewe!”

“Nirudi nyuma ipi, mzee? Nyuma si mgambo wameshachoma nyumba?”

Wanawake waliziba midomo kwa kanga wakicheka. Wazee hawakucheka. Walikutenga: hakuna Meza ya Bwana mpaka utubu mbele ya watu.

Nilidhani utaacha kwenda. Hukukosa Jumapili hata moja. Siku moja tukimenya muhogo nikakuuliza unafuata nini kwa watu wasiokutaka.

“Siwafuati wao,” ukasema. “Nina kesi na Mungu. Nikikaa nyumbani atadhani nimeifuta.”

Nimefundisha shule maisha yangu yote, na bado sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Wazee walidhani shaka ni mtu kumpa Mungu kisogo. Wewe ulimkabili. Mtu hamdai jibu yule ambaye haamini kuwa yupo, wala hamkasirikii hivyo asiyemtegemea. Wao waliitikia salamu kama watoto wanaotaja hesabu ya kukariri. Wewe ulikataa kumdanganya Mungu usoni. Ninavyoona mimi, imani yako ilizidi kuota mizizi kila ulipobishana naye, kwa sababu kila ubishi ulikulazimisha kumsogelea.

Ulipougua, wazee walikuja na sharti lao: sema umekosa, tukuzike kwa heshima ya kanisa.

“Nimekosa nini? Nitajieni nianzie hapo.”

Wakainuka kuondoka. Ukawaambia, “Basi kunyweni uji, msirudi na njaa.”

Waliunywa uji wako, Mama, wakaumaliza. Siku ulipofariki hawakuja. Tulikushusha kaburini sisi watoto na majirani wawili Waislamu wenye duka, na hakuna aliyeanzisha wimbo. Nami sikuanzisha, kwa hasira. Hasira hiyo ninayo hadi leo. Nimeipeleka kanisani kila Jumapili kama ulivyopeleka yako, na siwezi kusema imepungua. Naweza kusema tu kwamba ndiyo inayonifanya niombe kwa kweli.

Sasa nami ni mgonjwa. Mchungaji, kijana mpole, alikuja kuniuliza ningependa nyimbo zipi. Nilimwambia sitaki hata moja mpaka kanisa zima lije kwanza kwenye kaburi lako, liimbe, na liombe radhi.

“Mzee wangu, hilo ni la zamani,” akasema. “Ngoja niwaulize wazee.”

Mvua za vuli zimeanza na kwisha. Bado anawauliza.

Ulale, Mama. Usiifute kesi yako.

Ni mimi, kifungua mimba wako.