Usimuuze Ng'ombe wa Neema

Bweni, Mafia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na baridi ya huko Mbulu imepungua? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Hata tumbo la mjukuu wako linakusalimu, maana sasa limetulia.

Najua bado umenuna. Nilipokueleza kwenye simu kwamba daktari wa zahanati amesema tumbo la Neema haliwezi maziwa ya ng'ombe, ulinijia juu: "Mtoto wa wafugaji anashindwaje maziwa? Huko kwa nazi zenu mmemgeuza samaki!" Ukasema yule ng'ombe uliyempa alipozaliwa utamuuza, ukakata simu. Niliumia, Mama.

Usiisingizie nazi. Akinywa maziwa, tumbo linajaa na kunguruma, kisha anaharisha. Nilijaribu ya mbuzi ulivyonishauri, yakawa yaleyale. Ya soya yapo mjini Kilindoni, lakini kwa barabara yetu hii kuyafuata ni safari. Jirani yangu, Bi Mwajuma, ndiye aliyenifundisha kumpikia uji wa mchele kwa tui la nazi. Daktari ameridhia, mradi ale pia dagaa, mayai na maharage, kwani tui peke yake halishiki nafasi ya maziwa. Sasa kanenepa, ungemwona ungecheka.

Hapa mtoto akizaliwa hupandiwa mnazi. Juzi wenzake walikuwa wakionyeshana, "Ule wangu mie!" Neema akawaambia, "Mimi nina ng'ombe kwa bibi. Ana doa jeupe usoni."

"Mwongo weye! Yu wapi?"

Akanikimbilia. "Mama, si yupo?"

Nikamjibu yupo. Hajawahi kumwona, anamjua kwa masimulizi yako ya simu tu. Nikaingia jikoni nikalia, na moshi ukabeba lawama.

Basi usimuuze. Likizo nitamleta. Maziwa hatayanywa, ila amkumbatie shingoni, na wewe umkumbatie yeye. Ya kunywa niwekee mimi, kwenye kibuyu chako kile kilichofukizwa moshi. Nimeyatamani mno, Mama. Wakati mwingine naonja tui na kuitafuta harufu ya moshi ule, sijui naitafutia nini huku.

Nisalimie kaka huko machungani, na shangazi wa kwaya. Msalimie pia jirani anayekukamulia tangu goti likusumbue. Akiuliza huyo mwenye doa ni wa nani, mwambie ana mwenyewe, yuko Bweni, anakuja.

Mwanao akupendaye,
Paulina