Wali Peke Yake, Maharage Peke Yake

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji, na kwamba goti lake limeacha visa. Sisi huku hatujambo kabisa. Mume wangu anakusalimu sana. Yuko hapa nyuma yangu anapiga pasi nguo za wateja huku akicheka peke yake, na sababu utaijua sasa hivi.

Bila shaka unamkumbuka yule mteja wangu mwenye kiuno cha nyigu niliyekuandikia habari zake, aliyeniapia kwamba wanga na protini vikikutana kwenye sahani moja vinageuka mafuta mwilini, na mtu akivila mbalimbali hata kitambi kinayeyuka. Nami kwa kupenda mambo mapya nikalivalia njuga. Mchana wali mtupu, jioni maharage matupu, na mkate ukapigwa marufuku kumkaribia samaki. Mume wangu alikataa katakata, akasema hawezi kula wali mkavu kama mtu aliyekosana na mpishi. Basi sahani yetu moja, tuliyokula tangu tuoane, ikawa mbili, kisha kila mtu na saa yake. Iliniuma, dada, siwezi kukuficha. Ila kila nilipojipima kiuno, tepu ilionyesha nimepungua, nikajikaza.

Tena si mimi tu. Wateja wangu wa siku nyingi, ambao vipimo vyao ninavyo tangu zamani, walikuja kuchukua nguo wakakuta zinapwaya. Wengi walikuwa wameshaniiga, basi wakashangilia. Nawe ukaniandikia kwamba gauni nililokushonea linakupwaya, hivyo hutaki tena kuchanganya vyakula, na shemeji siku hizi anakula sebuleni na redio yake.

Wiki iliyopita muuguzi wa zahanati alikuja kuchukua sare yake. Alipoivaa ikammeza, nikampongeza. Akauliza anapongezwa kwa lipi, maana mizani ya kazini kwake haijasogea, na wali na maharage anakula pamoja kila siku. Akachukua tepu yangu, akailaza mezani kando ya rula ya chuma. Dada, nilitamani ardhi ipasuke! Tepu ilikuwa imevutika, kila inchi yake imeipita ya rula. Mume wangu akakumbuka palepale kwamba siku tulipohamisha duka aliitumia kufungia robota la vitambaa, akaikaza kwa goti. Ndiyo maana kiuno changu kilisoma kidogo na nguo zenu zikatoka pana.

Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba mwili unaangalia jumla ya unachokula na kazi unayofanya. Wali kukutana na maharage sahanini hakumnenepeshi mtu. Mchana huo mimi na mume wangu tulikula sahani moja, na furaha niliyokuwa nayo ilinitoa machozi. Yeye alisema ni pilipili.

Kwa hiyo, dada, nikwambie ukweli: hukupungua. Gauni ndilo limezidi. Nisamehe sana, na ulilete nilipunguze utakapopata nafasi. Lakini shemeji asisubiri gauni. Leo hii izime redio yake, mpakulie wali na maharage, ukae naye mle pamoja.

Tepu ile mume wangu amenikataza kuitupa. Kila asubuhi anajipimia kitambi, kisha anatoka akitembea kama bwana harusi.

Mbusu shemeji kwa niaba yetu, akiwa bado anatafuna.

Ni mimi mdogo wako, mnene vilevile ulivyoniacha, na mwenye raha tele.