Mahali pa Kumlaza Mama

Jumatatu, 2 Juni

Mama amefariki. Mdogo wangu Wilondja alipiga simu kutoka Ufaransa, anakoishi na mama, nikiwa kazini kwenye nyumba ya wazee, namkausha bibi mmoja nywele. Nikaendelea kumkausha. Nikamvalisha sweta, nikamfunga vifungo, ndipo nikaenda kukaa chooni. Wilondja alilia sana. Mama alijilaza tu baada ya chakula, hakuamka tena.

Jumanne, 3 Juni

Nyumba yangu imejaa. Wamama wanapika, wanaimba. Nimechoka mpaka mifupa. Baba mdogo Aloys amekuja kutoka Blacktown, upande wa pili wa jiji letu — mdogo wa marehemu baba, ndiye mkubwa wetu huku ugenini. Anasema mwili urudi Kongo, Fizi, mama alale kando ya baba. "Hatuwezi kumwacha peke yake kwa wazungu." Wote wakaitikia.

Wilondja hataki. Fizi kuna vita, nani atalitunza kaburi? Wananingojea mimi. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza.

Jumatano, 4 Juni

Kazini. Miguu inauma. Sijaamua.

Alhamisi, 5 Juni

Wilondja amenionyesha kwao kwa video. Chavernes — wao wanasema komini, mimi naona kijiji tu, watu mia mbili na kidogo, wengi wazee. Kanisa, ng'ombe, ukungu. Miaka yote nilimhurumia mama kule Ufaransa. Kifaransa hajui, nani anaongea naye?

Kumbe. Jirani yake, mzee Lucien, alikuwa amekaa kando ya jeneza. Anasema mkewe alipokufa, mama alikuja kila asubuhi kumpikia lengalenga, mchicha wa bustani yake, wakala pamoja bila kuelewana hata neno. Mwalimu naye akasema watoto wa shule walimwita Koko, yaani bibi.

Nilisikia wivu, niseme ukweli. Mwanangu Vanessa amemjua bibi yake kwa simu tu.

Nikampigia Baba mdogo, nikamweleza yote. Akauliza: "Kaka yangu je? Abaki peke yake?"

Ijumaa, 6 Juni

Jioni huku, asubuhi kwao, tuko kwenye video. Meya wa Chavernes amekuja nyumbani kwa Wilondja, ana matope kwenye buti. Anahitaji jibu leo. Hakuna kampuni ya kuchimba makaburi, watachimba majirani wenyewe, na ardhi ni mawe.

Vanessa akauliza kwa Kiingereza chake Koko anazikwa wapi. Baba mdogo kwenye kochi, ananitazama. Nikasema, abaki kule. Sauti ilikuwa ndogo, sijui kama walisikia. Nikaiacha simu mezani, nikaja huku jikoni. Naandika nimesimama.

Hakuna kelele. Nilitegemea kelele.

Meya anauliza jina gani liandikwe msalabani. Wilondja hawezi kujibu, analia. Sasa Baba mdogo ameichukua simu. Namsikia, Kifaransa chake cha shule ya zamani, polepole. Anamtajia jina la mama, herufi moja moja.