Isale Alilolitupa Mjomba Wako

Juu ya mto Nduruma,
Meru.
9 Machi 1912

Mpendwa mjukuu wangu Sumari,

Pokea salamu. U mzima? Unakula? Joto la huko pwani halijakuchubua? Mimi mzima. Meno yamebaki machache, lakini ya kukung'ata wewe yapo.

Mvua imeanza. Ule mgomba uliokuwa ukisomea chini yake umeanguka, nimewapa mbuzi.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kwa hizi herufi nilizofundishwa uzeeni nikingoja kubatizwa. Unasema umechaguliwa kiongozi wa wanafunzi, na mkuu wa chuo amekusifu kwa baraza mlilolianzisha: mmoja anasema, wengine wanangoja, hakuna kutukanana, kila mtu ajishughulishe na mambo ya kwao. Hongera. Kuku wangu nao wana baraza.

Hayo ndiyo uliyotufundisha ulipokuja likizo, pale uwanja wa kanisa, umevaa viatu. Ukasema hata Mzungu akiambiwa kwa adabu atasikia. Mjomba wako Eliasi akakuamini, maskini, kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yake na umesoma. Akaenda nawe kambini kumwomba Mzungu msimamizi wa barabara awaache watu wanaolazimishwa kuichimba wapande maharage kwanza.

Alishika jani la isale. Umezaliwa hapa, unajua: kwetu hata aliyeuliwa ndugu, akipewa isale hushusha mkuki. Wewe ukamwambia, "Mjomba, tupa hayo majani. Hoja njema inatosha." Akalitupa. Mimi nilikuwa nyuma yenu na akina mama, nikaliona likianguka kwenye tope.

Eliasi alisema vizuri. Hakutukana. Wewe ukayageuza maneno yake kwa Kijerumani chako. Yule bwana akauliza, "Nani amekufundisha kunijibu?" Ukaligeuza na hilo, vizuri kabisa. Eliasi akakutazama. Wewe, Sumari, ukatazama viatu vyako.

Hakukutaja. Akalazwa kifudifudi akala viboko hamsa ishirini, na kesho yake wewe ukashika njia ya chuoni. Nilizoea kukuita mume wangu. Siku ile nikawa mjane.

Sisemi isale lingezuia kiboko. Mzungu halijui. Lakini wewe unalijua, na kama angekuwa amelishika, labda ungeona aibu kunyamaza.

Mgongo wake umefunga. Mkono wa kulia haupandi. Maharage amepanda mkewe Anyesi, peke yake.

Na sasa unaandika eti "tusameheane kwa mazungumzo". Kwa karatasi? Ukome. Njoo likizo ijayo, bila viatu, ukate isale, umpe Eliasi mkononi, ufunge mdomo. Na huko barazani kwenu, kabla hujamfundisha mtu mwingine kusema, simama uwaambie ulivyonyamaza. Usipowaambia, nitamwandikia mkuu wako mimi, kwa mwandiko huu huu mbaya.

Mama yako Tabea anakusalimu, nilimkataza, hasikii. Anyesi hakusalimu. Amefyeka masale yote mlangoni kwake ili ukija usipate la kukata. Limebaki shina moja. Eliasi alitoka akasimama mbele ya panga, akasema, "Hilo liache."

Ningekuwa mimi, ningelikata.

Mungu akulinde, ingawa sijui kwa lipi.

Wako akupendaye bado, kwa shida,
Bibi yako Magdalena